Ini la Anko Barasa

Mimi ini sili. Nyumbani kwangu wamezoea, lakini ugenini jambo hili hunitia taabu, kwa sababu mwenye nyumba akikuletea sahani ya ini la kukaanga na kitunguu, nawe ukaisukuma pembeni, anadhani unamdharau. Majuzi nilikuwa kwenye harusi. Uani kijana mmoja alikuwa anapanga vipande vya ini juu ya wavu, mkaa umekolea, na ile harufu ikanijia, ya damu inayoungua, yenye utamu fulani ndani yake. Niliinuka nikaondoka bila kuaga mtu. Binti yangu alinifuata mpaka barabarani akidhani presha imenipanda. Nikamwambia ni joto tu. Uongo mtupu! Harufu hiyo ni ya nyumba yetu ya Namakwekwe, Mbale, na kila inaponijia nakuwa mtoto tena, nimesimama uani kwetu, Baba yuko mkekani, katika ile miaka ya utawala wa wanajeshi, ambayo sisi wa rika hili tukikutana tunaizungukazunguka bila kuigusa.

Baba alikuwa na bucha. Mbale nyama ilichinjwa na Waislamu, na hata Wakristo walinunua kwetu, kwa hiyo tulijulikana. Kabla sijajua kusoma nilijua ini zima na ini bovu. Ini zima linateleza, ukilibonyeza linarudi, rangi yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ini bovu ni gumu, lina vinundu kama mkate uliochacha vibaya, na kisu kikipita linalia. Mkaguzi wa nyama alikuwa akilikata, analitazama, analitupa nje, na kalooli, yale madege makubwa yenye upara, yanaligombania jalalani. Kisha Baba anatundika lingine kwenye ndoano ileile. Kwangu mimi mtoto, hivyo ndivyo ini lilivyoshughulikiwa. Baya linatoka, zuri linaingia, biashara inaendelea.

Baba alipoanza kuumwa, macho yalitangulia kuwa manjano. Kisha miguu ikavimba, halafu tumbo, mpaka kanzu yake ya Ijumaa ikawa haishuki mbele. Mikono na mashavu vilikonda huku tumbo likikua. Na majirani, Mungu awasamehe, wakaanza kunong'ona kwamba mwenye bucha anakunywa waragi kwa siri. Baba yangu pombe hakuionja maisha yake yote! Kukhu, yaani bibi yangu mzaa Baba, alikuwa akiyasikia maneno hayo kisimani anarudi na ndoo tupu. "Alipokuwa kijana aligeuka manjano namna hii hii," alikuwa akisema. "Akapona. Pombe gani aliyokunywa wakati ule?" Alikuwa na haki, yule bibi. Leo ninajua kuna ugonjwa unaoingia katika damu ya kijana, unajifanya umeondoka, kumbe umejificha kwenye ini unalitafuna polepole miaka na miaka. Lakini wakati ule nani angetuambia? Madaktari Wahindi walikuwa wamefukuzwa, na wa kwetu wengi walikuwa wamevuka mpaka kimya kimya, wengine wameacha hata sahani mezani.

Ndipo anapoingia Anko Barasa. Alikuwa Mkenya, dereva wa lori, amepanga chumba kimoja uani kwetu kwa sababu safari zake zilikuwa za kwao mpaka Jinja na kurudi. Mke wake na watoto walikuwa upande wa pili wa mpaka. Alikuwa mtu wa kelele. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi mno, na sukari hiyo aliileta mwenyewe, maana madukani kwetu ilikuwa imekwisha. Alilala mchana, nasi watoto tukafokewa tusimwamshe. Mimi aliniita Bosi. "Bosi, kuna kazi leo?" angeuliza akitoka na taulo begani, nami nampangia kazi, aoge, anywe chai, anipe kipande cha mkate. Yeye na Baba walikuwa wa kimo kimoja na mabega mamoja, mpaka wakaazimana makoti. Mtu akiwaona kwa nyuma anakosea. Mama alishawahi kumtandika Barasa na mwiko kwa kuchelewa kurudi, akadhani ni mumewe, na hadithi hiyo ilichekwa uani kwetu mwezi mzima.

Barasa ndiye aliyesikia kwamba Jinja amebaki daktari mmoja anayejua magonjwa ya tumbo. "Mzee, nitakupeleka mimi," alimwambia Baba. "Lori linakwenda, kiti kipo, unangoja nini?" Mama alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Ikaamuliwa niende mimi. Walisema ni ili nimchukulie Baba maji ya kunywa, lakini watu wazima wote walijua kwamba gari lenye mtoto halisumbuliwi sana kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi nilijua tu kwamba nimevaa gauni la Idd siku ambayo si ya Idd.

Tulipokuwa tunaondoka, afande mmoja akatokea. Alikuwa mteja wetu. Alikuja buchani mara kwa mara, mpole, sauti ya chini, na siku zote alitaka ini, na siku zote Baba alimfungia lile bora kabisa. Akauliza tunakwenda wapi. Akasema, "Hata mimi nakwenda Jinja," akapanda. Kiti kilikuwa kidogo, kwa hiyo nilisafiri mapajani mwake. Bunduki ilikuwa chini, baridi yake nikaisikia kwenye vidole vya miguu kila lori liliporuka shimo. Pale Busiu alisimamisha lori akaninunulia hindi la kuchoma, akalipuliza majivu kabla ya kunipa. Kwenye vizuizi alitoa kichwa dirishani tu, wenzake wakatupungia. Baba alinong'ona, "Mwenyezi Mungu ametuletea mtu." Niliona fahari, wallahi. Nilijiona mtoto wa mkubwa.

Njiani afande alimhoji Barasa, kwa utani utani.

"Wewe Barasa, huko kwenu sabuni iko?"

"Iko, afande! Sabuni, sukari, mpaka mafuta ya kupaka. Ukitaka nikuletee, sema tu."

"Na watu ya kwenu nasema nini juu ya sisi?"

Baba akakohoa. Barasa hakusikia kile kikohozi, au alikisikia akakipuuza, ndivyo alivyokuwa. "Wanasema nyinyi mna noti nyingi lakini hamna cha kununua," akajibu, akacheka. Afande akacheka pia, akajipiga paja mpaka nikaruka. Mimi nikacheka kwa sababu wanacheka. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akitazama nje.

Daktari wa Jinja alikuwa mzee mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alimlaza Baba, akamgongagonga tumbo kwa vidole kama anayebisha mlango, akamgeuza, akagonga tena. Kisha akamwambia akae, anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama anayesimamisha gari. Baba akanyoosha. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, bila yeye kutaka. Nikanyoosha yangu. Yangu ilitulia. Nilidhani ni mchezo, na kwamba nimeshinda.

"Unafanya kazi gani, mzee?" daktari akauliza.

"Mimi mchinjaji."

"Basi nitakueleza kwa lugha ya bucha, hutanielewa vibaya. Umewahi kuona ini lililokuwa gumu, lina vinundu, limesinyaa?"

"Nimeona. Hilo tunatupa."

"Ndilo ulilo nalo."

Daktari akavuta kiti karibu. Akasema ini lina huruma kuliko kiungo kingine chochote, ukiliumiza kidogo linajitengeneza, ukilikata linaota. Lakini likishakuwa kovu tupu haliwezi tena kusafisha damu, na uchafu unapanda kichwani, ndiyo maana mikono inaanguka, na baadaye mtu anaweza kuchanganyikiwa, alale mchana akeshe usiku, aseme asiyoyajua. Maji ya tumbo angeyatoa leo kwa sindano, Baba apumue. Lakini yangerudi. Chumvi aiache, nyama aiache kabisa, na chumvi ya haluli anywe ili tumbo lisifunge, kwa sababu uchafu ukikaa tumboni ndio unaopanda kichwani.

"Na dawa ya kuliponya?" Baba aliuliza.

"Likifika hapa hakuna dawa ya kuliponya. Maji yakiwa yanarudi, akili ikianza kupotea, kilichobaki ni kutoa hilo na kuweka lingine. Wenzetu huko Ulaya na Amerika wameanza kulifanya hilo."

"Lingine la nani?"

"La mtu mwenye afya aliyefariki muda uleule. Awe na damu inayopatana na yako, na kimo kama chako."

Hapo sista akaniona nimekodoa macho, akanishika mkono akanitoa nje. Yaliyofuata sikuyasikia. Sikusikia kwamba hapa kwetu jambo hilo halipo, wala kwamba hata huko wengi wanaowekewa hawaoni mwaka wa pili. Mama alinieleza baada ya miaka mingi, kama Baba alivyomweleza. Mimi nilitoka na nusu ya habari, na mtoto ukimpa nusu ya habari anaimalizia mwenyewe.

Nikakaa barazani. Barasa alikuwa ameegesha lori chini ya mti mbele ya geti, anafuta kioo, anapiga mluzi. Gari dogo likaja likasimama nyuma ya lori. Ndani walikuwa wanaume wenye miwani nyeusi na mashati ya maua, watu wa usalama kama nilivyokuja kujua baadaye, na nje kando ya mlango alisimama afande wetu, akinyoosha kidole kuelekea lori. Nilimpungia mkono. Hakuniona. Wanaume wawili wakashuka wakazungumza na Barasa, hakuna aliyepaza sauti. Barasa akageuka, akaniona barazani. Akasema kwa nguvu, "Bosi! Baba akitoka, mwambie asiningoje." Alikuwa anatabasamu, lakini mdomo wake ulikuwa umekauka, aliulamba mara mbili kabla ya kusema.

Wakamwingiza ndani ya lile gari dogo. Na gari halikurudi barabarani. Liliingia getini, likapita mbele yangu taratibu, likazunguka kwenda nyuma ya hospitali. Kulikuwa na njia huko nyuma ya kutokea upande wa ziwa. Mimi sikuijua njia hiyo. Nilichojua ni kwamba nyuma ya hospitali ndiko kulikokuwa na chumba cha kupasulia, kwa sababu Baba alipelekwa huko huko, kwenye kitanda chenye magurudumu, muda mfupi baadaye.

Alipotoka, jua lilikuwa limeinama. Tumbo lilikuwa limekwisha! Kanzu ilishuka mbele vizuri, na alitembea kwa miguu yake. Ubavuni alikuwa na plasta. Akauliza Barasa yuko wapi. Nikampa ule ujumbe, nikamtajia na lile gari dogo, mashati ya maua, na afande wetu. Tukaenda mpaka kwenye lori, mlango uko wazi, kitambaa cha kufutia kioo kiko chini mavumbini. Mfagiaji mmoja wa hospitali akapita karibu yetu, akasema bila kutuangalia, "Mzee, chukua mtoto, panda basi. Usiulize mtu." Baba akaokota kile kitambaa, akakikung'uta, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Baba analia. Nilidhani analia kwa shukrani, na mimi pia nikalia, kwa sababu Barasa alikuwa ametupa kitu kikubwa namna ile bila hata kujisifu.

Nyumbani waliniambia Anko Barasa amesafiri. Hawakuniketisha wanieleze, na sikuwauliza, kwa nini niulize jambo ninalolijua? Watu wazima walikuwa na mazungumzo yao ya kunong'ona, radio imepandishwa sauti, nami nilikuwa na siri yangu. Lo, nilivyoitunza! Baba akilala mchana, ninakaa miguuni pake najiambia, si unaona, Barasa ndiye aliyekuwa akilala mchana. Akiletewa chai bila maziwa, sukari nyingi, ile aliyoiacha Barasa chumbani kwake, kama daktari alivyoagiza, najiambia ndiyo hiyo chai yake. Akinyoosha mikono na viganja vikirukaruka, naviona viganja vya dereva kwenye usukani, barabara mbovu. Nilikuwa nikisubiri Mama atoke, ninasogeza mdomo karibu na ubavu wa Baba ninanong'ona, "Anko, hujambo? Kuna kazi leo?" Siku moja Baba alifumbua macho akaniuliza ninaongea na nani. Nikasema ninaomba dua. Akaniwekea mkono kichwani.

Mwaka jana mpwa wangu alipelekwa India akakatiwa kipande cha ini la dada yake, wote wawili wakarudi wazima wakibishana uwanja wa ndege nani abebe begi. Daktari wao alitueleza yaleyale ya mzee wa Jinja, maji yanayorudi, akili inayopotea, hapo ndipo mtu anahitaji ini jingine. Niliwapokea wale watoto nikawakumbatia, kisha nikaenda chooni nikalia mpaka macho yakavimba. Siwezi kukueleza vizuri kwa nini. Tulizaliwa mapema mno, na mahali pabaya kwa wakati ule, basi.

Maji yakarudi. Idd ya kuchinja ikakuta tumbo la Baba limejaa tena na yeye mwenyewe ni mtu wa kusaidiwa kukaa. Aliyechinja alikuwa msaidizi wake wa buchani. Nyinyi mnaojua mnajua, siku hiyo kinacholiwa kwanza ni ini la mnyama, hata kabla nyama haijagawanywa, na kwa nyumba ya mchinjaji hilo ndilo heshima yenyewe. Kukhu alilichoma mwenyewe uani, na harufu ikajaa nyumba nzima. Mama akamwambia, "Mama, daktari alikataza." Kukhu akasema, na sijasahau uso wake, "Daktari amesema ini la mwanangu limekufa. Na mimi ninampa ini. Unataka nimpe nini, majani?" Baba alimtazama mama yake, mwanamke aliyekuwa amezika watoto wengine wote isipokuwa yeye. Akafungua mdomo. Akala sahani nzima, akamsifu. Kukhu alicheka siku ile, hakucheka tena baadaye kwa muda mrefu sana.

Kesho yake Baba aliamka akiwa mtu mwingine. Alitujua, kisha hakutujua. Alivaa koti kinyume. Tulimtoa nje akae uani mkekani juani, na mchana mzima akawa anaendesha lori, mikono mbele, viganja vinaanguka na kuinuka. "Barasa, washa gari," akasema. "Tunachelewa Jinja. Mtoto yuko wapi? Mtoto apande." Mama alifunga mlango wa nje kwa sababu sauti ilikuwa inapanda, na sauti inayopanda wakati ule ilikuwa hatari kuliko ugonjwa. Baba alianza kutaja mambo. Gari dogo. Mashati ya maua. Mama akamziba mdomo kwa kiganja, kwa upole, kama unavyomziba mtoto mchanga, huku machozi yanamtoka. Sasa naelewa alichokuwa anakiogopa. Baba alikuwa anakufa, hilo alilijua. Aliogopa asitufie peke yake, atuburute wote kwa ulimi wake.

Na mlango ukagongwa. Alikuwa afande, amekuja kuchukua nyama yake ya sikukuu. Mama alifungua, angefanyaje? Afande akaingia, akasalimia kwa sauti yake ya chini, "Idd mubarak, mama," akamwona Baba mkekani. Baba akamtazama muda mrefu. Kisha akasema wazi kabisa, sauti ambayo hata jirani aliisikia, "Wewe! Umempeleka wapi Barasa? Mrudishe."

Kukhu aliacha kupepeta mchele.

"Afande, ni mgonjwa," Mama akasema haraka. "Hana akili, bwana, msamehe, ugonjwa umempanda kichwani."

"Nani nafundisha yeye hii maneno?" Sauti haikupanda, lakini mkono ulishuka kwenye mkanda. "Nani nafundisha yeye?"

"Mrudishe," Baba akasema tena.

Mimi nilikasirika. Si kwa afande, kwa Baba, kwa kutokuwa na adabu mbele ya mtu aliyetusaidia vile. Nikatoka nyuma ya Kukhu nikapiga magoti mbele ya afande, kama tulivyofundishwa kuwasalimia wakubwa.

"Afande, usimkasirikie Baba," nikasema. "Si Baba anayeongea. Ni Anko Barasa. Anaongea akiwa ndani."

Afande akanishushia macho.

"Ulimwonyesha kwa wale watu, nilikuona, wakampeleka nyuma ya hospitali. Baba akapewa ini lake. Asante, afande." Nikainuka nikaenda nikafunua shati la Baba, nikaonyesha lile kovu dogo la sindano ubavuni. "Aliingilia hapa."

Ni siku nyingi, lakini uso wa yule mtu ninao. Hakucheka. Hakunipiga. Alirudi nyuma hatua moja, akaikanyaga sufuria, nyama ikamwagika, na hakuitazama. Baba alikuwa ameinua mikono tena, viganja vinaruka, anaendesha, anamtazama afande machoni. Akasema, "Barasa anauliza kwa nini."

"Mutoto," afande akaniambia. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Ambia yeye. Ambia yeye si mimi napiga. Mimi naonyesha tu. Ile watu ndiyo napiga yeye, kule kwa maji. Ambia yeye mimi naonyesha tu."

Nikainama, nikasogeza mdomo ubavuni kwa Baba, nikamwambia. Nilipoinua kichwa afande alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuchukua nyama. Na kuanzia siku ile hakukanyaga mtaa wetu, wala hakuna aliyetujia kwa niaba yake, ingawa Mama alilala na viatu miguuni kwa wiki kadhaa.

Mama aliketi chini pale pale, juu ya mchanga, miguu imenyooka mbele kama ya msichana. Mpaka siku ile walikuwa wakitumaini, yeye na Baba. Walikuwa wakisema labda yuko kambini, labda watamchoka wamwachie, maana wengine waliachiwa. Kukhu akaja akamfunika kwa leso yake. "Ameuawa," Mama akasema. "Ameuawa, jamani, na alikuwa ametupeleka sisi." Nilishangaa kwamba hawakujua. Daktari si alisema wazi, mtu aliyefariki muda uleule?

Baba akaingia katika usingizi ambao hakuamka tena. Tulimwita, tulimwagia maji usoni, msaidizi wake wa buchani akamsomea Yasini mpaka sauti ikakauka. Nilimwita Barasa pia, kwa jina, niliona yeye ana nguvu zaidi, angeweza kumwamsha mwenzake. Hakuna aliyeitika. Walizikwa Ijumaa. Nasema walizikwa kwa sababu ndivyo nilivyoliona jeneza likitoka, na niliwalilia wote wawili, na watu wakasema maskini mtoto huyu, huzuni imemzidi.

Mke wa Barasa alikuja baada ya mvua za kwanza. Mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, kiatu kimoja kimekatika mkanda amekifunga kwa kamba. Alikuwa amevuka mpaka kwa njia za porini akaulizia mpaka akafika kwetu. Mama alimpa maji, akamsubiri ayanywe yote, kisha akamwambia. Hakumficha. "Dada, mume wako walimuua Jinja. Walimtupa kwenye maji. Hatujui ni wapi, na hakuna wa kumuuliza."

Yule mwanamke hakulia. Alikaa tu, akimpapasa mtoto mguu. Kisha akasema, kama anayeongea na ukuta, "Sasa nitaenda kulilia wapi? Kwetu mtu analiliwa palipo na mwili wake. Nirudi niwaambie nini? Nimlilie barabarani?"

"Mimi najua alipo," nikasema.

Mama akanishika bega, lakini nilishajitoa. Yule mwanamke akainuka akanifuata, na Mama akatufuata nyuma mpaka makaburini, akiniita kwa sauti ndogo, nami sikugeuka. Udongo wa kaburi la Baba ulikuwa bado haujatulia. Nikamwambia, "Yuko humu, na Baba. Hospitali walimpa Baba ini lake. Alikuwa anaongea kabisa, muulize Mama."

Mwanamke akanitazama. Akamtazama Mama. Mama akafungua mdomo anisahihishe, nikaona ulimi wake umeshaanza, kisha akaufunga. Mbali kidogo mtu alikuwa analima, jembe linasikika likigonga jiwe.

Yule mwanamke alikuwa mtu mzima, mwenye akili zake. Alijua. Leo sina shaka kwamba alijua. Akamfungua mtoto mgongoni akampa Mama amshike, akainama karibu na uso wangu.

"Upande gani?" akaniuliza.

Mimi nilikuwa mtoto wa mchinjaji, sikuhitaji kufikiri. Nikamwonyesha upande wa kulia. Akapiga magoti pale, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo, akamwita mumewe kwa jina lake lote, akaanza kumlilia. Mama akanipa mtoto. Akazunguka, akapiga magoti upande wa pili.